Macho Makavu na Maswali 12 ya Daktari

Leo tunazungumza juu ya macho, na hasa juu ya karatasi moja ambayo huenda ukapewa ukienda kliniki ya macho. Wengi wakiipata karatasi hiyo huiona kama usumbufu. Huijaza haraka haraka, au humwachia mtoto aliyewasindikiza aijaze. Wanachotaka ni daktari awaangalie kwa mashine, awape dawa, warudi nyumbani. Lakini kwa ugonjwa wa macho makavu, karatasi hiyo ni kipimo kama vile vingine utakavyofanyiwa.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Chozi si maji matupu. Lina maji, lina ute unaolifanya lishikamane na jicho, na juu kabisa lina utando mwembamba wa mafuta yanayotoka katika vitezi vidogo vilivyo kwenye ukingo wa kope. Kila unapopepesa macho, kope hulitandaza chozi upya. Maji yakipungua, au mafuta yakikosekana na maji yakakauka upesi, uso wa jicho hubaki bila kinga na kuanza kuumia. Mtu huhisi kama ametiwa mchanga machoni. Jioni macho huwa mazito, na akisoma, maandishi huingia ukungu, akipepesa yanarudi.

Jambo la kushangaza ni kwamba macho makavu mara nyingi hutiririka machozi. Jicho likichokozwa na ukavu hutoa maji mengi kwa ghafla, lakini maji hayo humwagika shavuni na jicho likabaki na kiu yake. Kwa hivyo usiseme, "Mimi siwezi kuwa na macho makavu, mbona machozi yananitoka?"

Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wenye umri mkubwa, hasa akina mama waliokoma hedhi, wagonjwa wa kisukari na wa baridi yabisi, na wanaotumia baadhi ya dawa za mzio. Pia huwapata wanaokodolea kompyuta au simu kwa saa nyingi, kwani mtu akikodoa husahau kupepesa. Upepo na vumbi la Turkana au Marsabit, na moshi wa kuni jikoni, huzidisha taabu.

Sasa utauliza, daktari ana mashine, ya nini kuniuliza maswali mengi? Ni kweli vipimo anavyo. Anaweza kukutia rangi ya manjano jichoni, akaimulika kwa mwanga wa samawati na kuhesabu chozi linakaa sekunde ngapi kabla ya kupasuka. Likipasuka chini ya sekunde 10, hiyo ni ishara. Anaweza pia kukuwekea kipande chembamba cha karatasi kwenye kope ya chini kwa dakika 5, apime kimelowa milimita ngapi. Shida ni kwamba vipimo hivi na anavyohisi mgonjwa mara nyingi havipatani. Yuko mtu ambaye uso wa jicho lake umejaa alama za kuchubuka, naye asema hana neno. Mwingine halali kwa maumivu, na rangi ikitiwa haionyeshi kitu kikubwa. Ukavu wa muda mrefu, na pia kisukari, vyaweza kufisha neva za jicho hata lisilalamike. Ndiyo sababu wataalam wa kimataifa waliokubaliana juu ya ugonjwa huu mwaka 2017 walitaka mambo mawili yaonekane pamoja: majibu ya mgonjwa katika hojaji, na angalau ishara moja katika vipimo.

Hojaji inayotumiwa sana ilitungwa Marekani katika miaka ya 1990, nayo hujulikana kwa herufi nne, OSDI. Ina maswali 12, na yote yanahusu siku 7 zilizopita. Matano ya kwanza yanauliza juu ya macho kuumizwa na mwanga, kuhisi mchanga, maumivu, kuona ukungu na kutoona vizuri. Manne yanauliza kama macho yalikutatiza ulipokuwa ukisoma, ukiendesha gari usiku, ukitumia kompyuta au mashine ya benki ya kutolea pesa, au ukitazama televisheni. Matatu ya mwisho ni juu ya upepo, mahali penye hewa kavu, na mahali penye kiyoyozi. Kila swali lina alama: hapana kabisa ni 0, mara chache ni 1, nusu ya wakati ni 2, mara nyingi ni 3, wakati wote ni 4.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Chukua mfano wa mama mshonaji wa nguo huko kijijini. Haendeshi gari, hana kompyuta wala kadi ya benki, hana televisheni, na kiyoyozi hajawahi kukaa karibu nacho. Akifika kwenye maswali hayo manne anaandika 0, kwa maana hayamsumbui. Lakini 0 maana yake ni "nilifanya kazi hiyo na macho hayakunitatiza." Yeye hakuifanya. Jibu lake ni "hainihusu," na hojaji ina nafasi ya jibu hilo katika maswali 7 ya mwisho.

Kuna tofauti gani? Alama huhesabiwa hivi: jumla huzidishwa mara 25, kisha hugawanywa kwa idadi ya maswali yaliyojibiwa. Tuseme mama huyu ana jumla ya alama 5. Akiwa amejibu maswali 8 yanayomhusu, anapata karibu 16. Akijaza 0 kwenye yale manne, hugawanywa kwa 12, na anapata karibu 10. Sasa, 0 hadi 12 huhesabiwa kuwa kawaida, 13 hadi 22 ni ukavu kidogo, 23 hadi 32 ni wa wastani, na kuanzia 33 ni mkali. Kwa hiyo mama yule yule, mwenye macho yale yale, karatasi moja yasema ana tatizo, na nyingine yasema hana. Anarudi kwenye cherehani yake na mchanga wake machoni.

Jambo la pili ni lugha. Hojaji hii iliandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mhudumu hukutafsiria papo hapo. Sisi tukisema "macho yananiwasha," hatujaeleweka bado. Upele huwasha, na pilipili pia huwasha. Ikiwa unatamani kuyasugua na kuyakuna, mwambie daktari hivyo, kwani huenda ni mzio. Ikiwa yanachoma kama yametiwa pilipili au moshi, sema yanachoma. Matibabu ya mambo hayo mawili si mamoja. Na kama husomi vizuri, si aibu kuomba usomewe. Lakini jibu uwe unalitoa wewe, si mwanao, kwani mchanga ulio jichoni mwako yeye hauhisi.

La tatu ni adabu zetu. Tumelelewa kusema "sijambo" hata tukiwa kitandani. Daktari akiuliza, "Mama, macho yanaendeleaje?" mama hujibu, "Ni mazuri tu daktari, namshukuru Mungu." Akifika mlangoni ndipo ageuka na kusema kwamba tangu Jumatatu hajaweza kusoma Biblia au Kurani yake. Haya ya Jumatatu ndiyo yanayotakiwa kwenye karatasi. Na wako wachache wanaoandika 4 kila mahali wakidhani watapewa dawa kali zaidi. Hao nao wanajidhuru.

Nasema wanajidhuru kwa sababu ya matone. Watu wengi wenye macho makavu huyaita "macho mekundu," wakaenda dukani na kununua matone yoyote, au wakaazima ya jirani. Baadhi ya matone hayo yana steroidi. Yakitumiwa muda mrefu bila uangalizi huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma au mtoto wa jicho, na kama kuna vidonda vya vijidudu, hali huwa mbaya zaidi. Ukavu wenyewe, mara nyingi, huanza kutibiwa kwa machozi ya kutengenezwa, kukanda kope kwa kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu, kupumzisha macho na kukaa mbali na moshi.

Ukishaanza matibabu, utajaza hojaji tena baada ya wiki kadhaa. Alama ikishuka kwa 1 au 2 si jambo la kushangilia, bado ni kubahatisha. Ikishuka kutoka 40 hadi 25, hapo dawa inafanya kazi.

Ila alama ndogo haimaanishi macho yako yote ni mazima. Maswali haya hayatafuti glakoma ya kawaida, ambayo huiba uwezo wa kuona polepole bila maumivu, wala hayapimi kama wahitaji miwani. Na kama jicho limekuwa jekundu na linauma sana, uwezo wa kuona umepungua ghafla, umeumizwa na kitu, au unaona doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho, achana na hojaji. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ukiwa kliniki, muulize mhudumu amepata alama ngapi, umwombe aiandike pamoja na tarehe katika kitabu chako cha hospitali, ili ukihamia kliniki nyingine waione.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya kisukari na macho. Kwaherini.