Kujikinga na Kulipiza Kisasi

Maneno yangu ya leo ni juu ya ugomvi wa mikono, na jinsi sheria iutazamavyo. Watu wengi hudhani ya kuwa mwenye kosa ni yule aliyeanza tu, na ya kuwa aliyepigwa ana ruhusa ya kurudisha mapigo kadiri apendavyo. Dhana hiyo yaweza kumpeleka gerezani mtu aliyekuwa na haki yake.

Sheria tutakayoitazama ni Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, iliyoanza kutumika siku za Tanganyika. Kwanza, shambulio ni nini? Si lazima damu itoke. Mtu akimwinulia mwenzake fimbo hata yule akaogopa kwamba atapigwa papo hapo, amekwisha kumshambulia, ijapokuwa fimbo haikumgusa. Lakini pengine maneno huliondoa tisho. Huko Uingereza, mwaka 1669, mtu mmoja alishika upanga wake, akasema kwamba kama mahakimu wasingalikuwako mjini, asingaliyavumilia maneno aliyoambiwa. Mahakama ikaona kuwa kauli yake yenyewe yaonyesha kwamba hakukusudia kupiga saa ile, basi hakushambulia.

Shambulio la kawaida adhabu yake ni kifungo kisichozidi mwaka 1. Likidhuru mwili, kifungo chaweza kufika miaka 5. Na madhara makubwa zaidi yana adhabu nzito kuliko hiyo.

Sasa natutoe mfano. Mbuzi wameingia katika shamba la mahindi. Mwenye shamba awafukuza, mchungaji akasirika, amjia na fimbo. Mwenye shamba aidaka fimbo, ainyang'anya, ampiga mchungaji pigo moja la bega ili asimkaribie tena. Mpaka hapo hana kosa. Kila mtu ana haki ya kujikinga, na ya kumkinga mwenzake, na ya kulinda mali yake. Haki hiyo ilielezwa wazi katika vifungu vilivyotiwa katika Kanuni mwaka 1980, pamoja na mpaka wake: nguvu itumikayo iwe ya kadiri, ile iliyohitajiwa kwa kujikinga tu.

Lakini mchungaji ameanguka, ameinuka, akimbia. Mwenye shamba amfuata hata njiani, ampiga mara tatu, mkono wake wavunjika. Je, hapo alikuwa akijikinga na nini? Hatari ilikwisha pale adui alipogeuza mgongo. Pigo la kwanza lilikuwa kinga. Haya ya pili ni kisasi, na kisasi ni shambulio. Aliyekuwa mlalamikaji sasa ni mshtakiwa.

Mtu ataweza kuuliza: katika vurumai, nani awezaye kupima nguvu zake kwa mizani? Sheria yalijua hilo. Mwaka 1971 majaji wa rufani mjini London, wakisikiliza shauri lililotoka Jamaika, walisema kwamba mtu anayeshambuliwa hawezi kupima kabisa kadiri ya kinga yake. Akifanya kwa moyo safi lile alilodhani kuwa ni la lazima wakati ule wa dhiki, huo ni ushahidi mkubwa kwamba alitenda kwa kadiri. Na neno la kujikinga likiisha kutajwa barazani, si kazi ya mshtakiwa kuthibitisha. Ni juu ya upande wa mashtaka kuonyesha kwamba hakuwa akijikinga.

Hasira sivyo. Tusi laweza kumfanya hakimu apunguze adhabu, lakini halimpi mtu ruhusa ya kupiga. Hali kadhalika pombe: aliyelewa kwa hiari yake asitumaini kwamba ulevi utamwokoa. Na mwizi aliyekwisha kukamatwa na kufungwa kamba hawezi kumdhuru mtu ye yote. Ampigaye hapo halindi mali, avunja sheria. Kazi iliyobaki ni kumpeleka polisi bila kukawia.

Na wewe uliyepigwa, ufanyeje? Nenda kituo cha polisi upewe hati iitwayo PF3, uende nayo hospitali, mganga aandike majeraha aliyoyaona. Ikiwa hali ni mbaya, tibiwa kwanza. Kumbuka majina ya walioona. Ushahidi huo wafaa kuliko fimbo yo yote. Tena, katika shambulio la kawaida, mahakama yaweza kuwasuluhisha wagomvi, pengine kwa mmoja kumlipa mwenzake fidia, na shauri likaisha.

Basi, siku ugomvi ukikujia, jiulize neno moja kabla ya kuinua mkono mara ya pili: je, hatari ingalipo? Kama ingalipo, jikinge. Kama imekwisha, shusha mkono, maana tangu hapo haki yako i katika baraza, wala si katika fimbo.