Kwa Wanaokwenda Kusoma Kompyuta Chuo Kikuu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Sita katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Isevya, Tabora)



Kamati imeniomba nizungumze juu ya mambo yampasayo kuyajua kijana anayekwenda kuanza masomo ya kompyuta chuo kikuu. Nimeikubali kazi hiyo kwa furaha, maana kila mwaka vijana wa hapa huniuliza maswali yale yale, na la kwanza huwa ni hili: "Kaka, mimi sijawahi kuwa na kompyuta yangu. Je, nitaweza?" Nitalijibu. Lakini naomba nianze na makaratasi, kwa sababu wapo wanaopoteza mwaka mzima kabla hata hawajaiona hiyo kompyuta.

Siku hizi maombi yote hufanywa kwa mtandao. Unaomba nafasi katika chuo chenyewe, kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, na unaomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo. Hapo hukutani na karani. Karani akiona cheti cha kuzaliwa kimeandikwa "Mohamed" na cha Kidato cha Nne kimeandikwa "Mohamedi", atakutazama usoni, ataelewa, ataendelea na kazi. Kompyuta haina macho hayo. Kwake hao ni watu wawili. Basi leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja wenu atoe vyeti vyake avilinganishe herufi kwa herufi. Mwenye tofauti ashughulikie sasa. Cheti cha kuzaliwa hushughulikiwa katika ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, na Bodi ya Mikopo hutaka kihakikiwe na RITA. Aliyefiwa na mzazi atahitaji pia cheti cha kifo kilichohakikiwa. Haya hayamalizwi kwa siku moja.

Nawahimiza mapema kwa sababu nyingine pia. Mtihani wenu ni Mei. Baada yake wengi wenu mtaitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Ukiwa kambini huna nafasi ya kuzunguka kutafuta mihuri, na huku nyuma dirisha la maombi linafunguliwa na kufungwa. Acha nakala za vyeti vyako nyumbani kwa mtu mmoja mnayeelewana naye, anayejua kusoma maelekezo bila kuruka mstari. Na laini ya simu uliyoombea isife. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo unachokitaka, na namba hiyo huja kwenye simu ile ile.

Sasa nauli na njia. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na kwa treni hiyo ni kilomita 840 hivi mpaka Dar es Salaam. Wengine huenda kwa basi au treni mpaka Dodoma, kisha hupanda treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Mwenda kwa basi moja kwa moja atashushwa Mbezi, kwenye kituo cha Magufuli, wala si Ubungo kama wazee wetu hapa wanavyokumbuka.

Hapa pana jambo linalowapoteza wageni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko Mlimani, hilo kila mtu analijua. Lakini Idara ya Sayansi na Uhandisi wa Kompyuta iko katika Ndaki ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, na ndaki hiyo iko Kijitonyama, kituo cha daladala kinachoitwa Sayansi, katikati ya Bamaga na Makumbusho. Mtu anafika Mlimani na sanduku kichwani, anazunguka vilima vile nusu siku akiuliza idara ya kompyuta. Soma barua yako ya kujiunga: inasema usajili unafanyika wapi, na chumba umepangiwa wapi. Kama umepata chumba mbali na Kijitonyama, hesabu nauli ya daladala ya kila siku katika bajeti yako tangu mwanzo. Na Dar es Salaam siyo chuo pekee. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, nacho kina ndaki yake kubwa ya masomo haya, na kwa mtu wa Tabora ni karibu zaidi.

Juu ya fedha nitasema machache. Mkopo una mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo na mengineyo, na siyo kila mtu anapata mafungu yote. Fedha ya kujikimu, ile nyinyi mnaiita bumu, hailipwi siku unapowasili. Kwanza usajiliwe, kisha usaini, kisha usubiri. Kwa hiyo nenda na fedha ya kula ya mwezi mmoja. Anayeondoka hapa na nauli tu ataanza kukopa kwa wenzake wiki ya pili, na mtu mwenye njaa hasomi hesabu. Na mzazi ajue kwamba huo ni mkopo kweli: sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016, mkopaji aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe.

Sasa narudi kwenye lile swali: je, asiye na kompyuta ataweza?

Ataweza. Darasani mwalimu huanza mwanzo kabisa, na hakuna mahali panapodaiwa cheti cha kujua kompyuta. Kinachodaiwa ni ufaulu wenu, hasa wa hesabu. Masomo ya mwaka wa kwanza yenyewe yanaonyesha hivyo: hesabu za kalkulasi na aljebra, hesabu za mantiki na seti, mbinu za mawasiliano, Taaluma za Maendeleo, na ndani yake utangulizi wa kompyuta na kuandika programu. Kijana mwenye kompyuta nzuri lakini anayekimbia hesabu yuko hatarini kuliko yule wa Urambo aliyeishika mashine mara ya kwanza Oktoba.

Lakini nisiwadanganye. Darasani mnaanza sawa. Chumba cha mazoezi hamuanzi sawa. Pembeni yako atakaa kijana wa Dar es Salaam ambaye vidole vyake vinapita juu ya herufi kama mvua juu ya bati, na wewe unatafuta herufi moja moja. Mwalimu akiuliza "Mmemaliza?" watajibu wao. Hapo ndipo vijana wetu wengi huvunjika moyo, na hufanya jambo baya kuliko yote: hujificha. Huacha kwenda mazoezini, huomba kazi ya mwenzao, huibadilisha jina na kuikusanya. Nimewaona. Walikuwa na akili za kutosha; waliona aibu.

Kupiga herufi haraka siyo elimu ya kompyuta. Hiyo ni kazi ya vidole, na kwa nusu saa kila siku vidole huzoea katika wiki chache. Elimu yenyewe ni kupanga maelekezo. Ngoja niwape mfano wa kwetu. Tuseme ni zamani za misafara, uko hapa Unyanyembe asubuhi, mizigo 200 imepangwa chini ikingoja kwenda pwani, na mpagazi habebi zaidi ya frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ungemwambia mnyapara wako: "Angalia mizigo, iliyozidi ipunguzwe." Angeelewa. Kompyuta haielewi. Inataka uiambie: anza na mzigo wa kwanza, upime, ukizidi kilo 32 andika namba yake, nenda kwenye mzigo unaofuata, endelea hivyo mpaka mizigo iishe. Ukisahau kusema "nenda kwenye mzigo unaofuata", itaupima mzigo wa kwanza mpaka umeme ukatike. Na ule wenye kilo 32 kamili, umesema nini juu yake? Je, umezidi au haukuzidi? Kijana anayejiuliza swali hilo kabla hajaulizwa, huyo ameshaanza kusoma kompyuta, hata kama anaandika kwa mkaa ukutani.

Mashine itakukatalia mara nyingi. Itakuandikia kwa Kiingereza kikavu kwamba mstari wa 14 una hitilafu. Usifunge. Soma ujumbe wote, pole pole, kisha nenda mstari wa 14, na wa 13 pia, maana mara nyingi kosa liko juu ya pale linapotajwa. Lugha isikutishe. Jadilianeni kwa Kiswahili mpaka jambo lieleweke, ndipo muandike kwa Kiingereza. Chuo hicho hicho cha Dar es Salaam kilishiriki mwaka 2004 kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba mambo haya hayasemeki kwa lugha yetu.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 kuna programu za akili mnemba zinazoweza kukuandikia kazi yote kwa dakika moja. Ziulize zikueleze usichoelewa, hilo ni jambo zuri. Lakini kwa kawaida kazi za muhula huchukua alama 40 na mtihani wa mwisho 60, na katika mtihani huo mara nyingi utaandika programu kwa kalamu, kwenye karatasi, peke yako. Aliyeandikiwa muhula mzima ataonekana siku hiyo. Kuna mitihani ya marudio, ndiyo, lakini kuna na kukatishwa masomo, na basi la kurudi Tabora halina raha. Wastani hupimwa kwa kipimo cha 5, daraja la kwanza huanzia 4.4, na alama za mwaka wa kwanza zimo katika hesabu. Msiseme "mwaka wa kwanza ni wa kuzoea".

Kuhusu kununua mashine: msiuze ng'ombe wiki ya kwanza. Vyumba vya mazoezi vipo. Nendeni saa ambazo wengine wamekwenda kula. Ukiweza kununua, kompyuta mpakato iliyotumika inatosha, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya aina ya SSD. Nenda na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, iwasheni hapo dukani, mbonyeze kila kitufe, mtoe waya wa umeme muone betri inakaa muda gani. Mfumo wa Linux ni wa bure na hauichoshi mashine ya zamani. Na kazi zako ziweke mahali pawili, maana wezi wa Dar es Salaam hawaulizi kama umehifadhi nakala.

Wazee wangu wa viti vya mbele, nina neno nanyi, na mtaniwia radhi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia, na marufuku hayo yakaja kuondolewa miaka ya 1990. Zilikuwapo sababu zake, sitazijadili hapa. Ila matokeo yake ni kwamba wengi wenu mlisoma na kufanya kazi miaka mingi bila kuigusa. Basi kijana akirudi likizo ya kwanza akasema "Baba, ni ngumu, na nimepata alama 38," msimwambie aache akasomee kitu kingine mnachokijua nyinyi. Mwulizeni anakaa saa ngapi chumba cha mazoezi. Akijibu saa mbili kwa wiki, hapo ndipo pa kumkaripia. Akijibu saa kumi na tano, mpeni nauli arudi akaendelee.

Vile vile, katika ofisi zenu mashine hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na zile za zamani hupigwa mnada au hulala stoo. Zikifuata taratibu za mali na kufika hapa shuleni, hata tano tu, Kidato cha Tano wangekuwa na mwaka mzima wa kuzoeza vidole kabla ya kukutana na yule kijana wa Dar es Salaam. Mwalimu wa taaluma yupo hapa. Nimemwomba asimame ili mumwone.

Ndugu Mwenyekiti, nimekula muda wa chakula. Kidato cha Sita, msitoke. Pale meza ya nyuma kuna kompyuta mbili zimewashwa, na ule mfano wa mizigo 200 nimeuacha na makosa matatu ndani yake. Njooni wawili wawili, tuone nani atayapata.