Maswali 185 kati ya 230: Kujiandaa kwa MCAT na Kuomba Nafasi ya Udaktari Marekani



Nimeombwa nizungumzie njia ya kuingia chuo cha udaktari hapa Marekani, na hasa mtihani wake wa kuingilia, MCAT. Sehemu kubwa ya muda wangu nitaitumia kwenye mtihani, kwa sababu hapo ndipo vijana wetu wanapokwama, na hawakwami kwa kukosa akili wala bidii. Wanasoma usiku na mchana, ila wanasoma sivyo. MCAT ni mtihani wa kusoma na kufikiri huku saa inakwenda. Anayekariri tu atakuwa amejiandaa kwa mtihani mwingine kabisa.

Kwanza nizungumze na wazazi, maana wengi wetu tunaipima safari hii kwa kipimo cha nyumbani. Tanzania, kijana wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) akifaulu vizuri kidato cha sita huomba udaktari moja kwa moja, husoma miaka mitano, kisha hufanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Kenya, alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, zikimtosha, huanza shahada ya miaka sita. Hapa mtoto humaliza kwanza shahada ya miaka minne. Inaweza kuwa ya fani yoyote, mradi awe amechukua biolojia, kemia, fizikia na masomo mengine yanayotakiwa. Ndipo anapoomba chuo cha udaktari, ambacho ni miaka minne mingine, na baada ya hapo kuna mafunzo ya ubingwa ya miaka mitatu hadi saba. Binti aliye mwaka wa pili wa shahada ya kwanza hajachelewa. Tusimlinganishe na binamu yake wa chuo cha Muhimbili ambaye tayari anavaa koti jeupe.

Mtihani wenyewe

Mtihani huu ulianza mwaka 1928, ukitungwa na F. A. Moss. Miaka ile baadhi ya vyuo vya udaktari vilikuwa vikipoteza hadi nusu ya wanafunzi wao kabla ya kuhitimu, na ilitafutwa namna ya kujua mapema nani ataweza masomo. Muundo wa sasa ulianza mwaka 2015, na unasimamiwa na AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani.

Una sehemu nne. Ya kwanza ni kemia na fizikia, ya pili ni usomaji wa kina unaojulikana kama CARS, ya tatu ni biolojia na baiokemia, na ya nne ni saikolojia na sosholojia. Sehemu tatu za sayansi zina maswali 59 kila moja, kwa dakika 95. CARS ina maswali 53 kwa dakika 90. Kila sehemu hupewa alama kati ya 118 na 132, kwa hiyo jumla huanzia 472 na kuishia 528, na katikati ni 500. Katika miaka ya karibuni wanaopata nafasi wamekuwa na wastani wa 511 na ushee. Ukichanganya na mapumziko, mtahiniwa hukaa pale karibu saa saba na nusu.

Sasa tazameni hesabu hii, maana ndiyo iliyonipa kichwa cha mada. Katika kila sehemu ya sayansi, maswali 44 kati ya 59 yamefungwa kwenye vifungu vya habari: maelezo ya jaribio la maabara, jedwali, grafu. Ni maswali 15 tu yanayosimama peke yake. CARS yote ni vifungu. Ukijumlisha unapata maswali 185 kati ya 230 ambayo huwezi kuyajibu vizuri bila kusoma habari usiyowahi kuiona na kuielewa ndani ya dakika chache. Hata hivyo bado nakutana na kijana ambaye amejaza mamia ya kadi za kukariri, lakini hajawahi kukaa na kifungu kimoja huku saa mbele yake inahesabu.

Nitoe mfano. Kila mwanafunzi wa baiokemia anajua kwamba dawa inayoshindania nafasi kwenye kimeng'enya huongeza Km (kiasi cha sabstreti, yaani kitu ambacho kimeng'enya hukifanyia kazi, kinachohitajika kufikia nusu ya kasi ya juu) na kuiacha Vmax, yaani kasi ya juu kabisa, palepale. Mtihani haukuulizi hilo. Unakupa jedwali: bila dawa, Vmax ni 40 na Km ni 5, pamoja na dawa, Vmax ni 40 na Km ni 15. Kisha unauliza: mtafiti akimwaga sabstreti kwa wingi mara mia, kasi ya mmenyuko itakuwaje? Aliyekariri anatafuta neno "huongezeka" kwenye kumbukumbu yake, na anakosa. Aliyeelewa anaona kwamba sabstreti ikiwa nyingi mno, dawa haina tena nafasi ya kushika, na kasi inarudi karibu na 40. Wote wawili walisoma sura ileile ya kitabu.

Jambo jingine linalowashtua wengi ni kwamba hakuna kikokotoo. Ukipewa ukolezi wa ioni za hidrojeni wa 3 × 10⁻⁵ na kutakiwa kutaja pH, hutafuti logarithimu kamili. Unajua jibu liko kati ya 4 na 5, na 3 iko karibu na nusu ya njia, basi ni kama 4.5. Majibu yaliyopo huwa yameachana vya kutosha kwa makadirio hayo. Makadirio ya namna hii yanataka mazoezi ya kila siku, kwa kalamu na karatasi, simu ikiwa imezimwa.

CARS

Hapa nitakawia kidogo. Sehemu hii ina vifungu tisa, kila kimoja cha maneno kama 500 hadi 600, kuhusu historia, falsafa, sanaa, siasa au jamii. Havihitaji ujuzi wowote wa nje, kwani kila unachohitaji kimo kwenye kifungu. Ndiyo sehemu ambayo vijana wetu huiacha mwisho kwa kuamini kwamba haisomeki, na ndiyo inayowashusha alama.

Chukulieni kifungu ambamo mwandishi anadai kwamba wajenzi wa hospitali za karne ya 19 waliweka madirisha makubwa kwa sababu waliamini hewa chafu ndiyo inayoleta maradhi. Swali: ni ugunduzi gani ungedhoofisha zaidi hoja ya mwandishi? Jibu moja linasema, "Baadaye ilithibitika kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta maradhi." Jingine linasema, "Barua za wajenzi wenyewe zinaonyesha walitaka mwanga wa kuwatosha wapasuaji." Kijana wa sayansi anavutwa na la kwanza kwa sababu ni kweli, tena amelisoma darasani. Lakini mwandishi hakusema hewa chafu huleta maradhi. Alisema wajenzi waliamini hivyo. Ukweli wa vijidudu haumgusi. Barua ndizo zinazomwangusha.

Mtego mkubwa wa CARS ndio huo: jibu ambalo ni kweli duniani lakini halihusiani na alichodai mwandishi. Dawa yake ni kusoma kila siku kitu kisicho cha sayansi, makala ndefu ya historia au ya sanaa, kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani. Ukimaliza, funga ukurasa, kisha jiulize anadai nini, ametoa ushahidi gani, na nani angempinga kwa hoja gani. Zoezi hilohilo linaweza kufanywa kwa Kiswahili mezani nyumbani, juu ya tahariri ya gazeti au hotuba mliyoisikia pamoja. Mzazi ambaye hajui kemia hata kidogo anaweza kumsaidia mwanawe hapo, na namwomba asijidharau.

Lini, na kwa utaratibu gani

Vyuo huanza masomo mwezi wa saba au wa nane. Maombi kupitia AMCAS, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi, hufunguliwa mwezi wa tano wa mwaka uliotangulia. Vyuo vya umma vya Texas vina mfumo wao wa TMDSAS, na vyuo vya udaktari wa osteopathia hutumia AACOMAS. Vyuo vingi hugawa nafasi za usaili kadiri maombi yanavyoingia, kwa hiyo anayetuma mwezi wa tisa anagombea kilichobaki, hata kama tarehe ya mwisho bado. Na kwa kuwa matokeo ya MCAT huchukua kama mwezi mmoja, anayetaka kuomba mapema afanye mtihani kati ya Januari na Aprili. Ajipe miezi mitatu hadi sita ya maandalizi, na nusu ya pili iwe ya mitihani kamili ya majaribio, akianza saa mbili asubuhi kama siku yenyewe. Kila baada ya mtihani wa majaribio, atumie siku nzima kuyapitia maswali aliyokosa na yale aliyobahatisha. Mazoezi rasmi ya AAMC yawekwe mbele ya mengine yote, na sehemu yake inapatikana bure.

Usiende kufanya MCAT "kujaribu tu". Mtu anaruhusiwa mara tatu kwa mwaka, mara nne katika miaka miwili mfululizo, na mara saba maishani. Ukituma maombi ya AMCAS, matokeo yako yote ya muundo huu huonekana, si yale bora peke yake. Siku yenyewe, hakuna alama inayokatwa kwa jibu lisilo sahihi, basi usiache swali lolote wazi.

Kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi ya wengine. Jina ulilojiandikisha nalo lazima lifanane na la kitambulisho. Familia nyingi zilizopitia kambi za wakimbizi zina majina yaliyogeuzwa: la baba likawekwa mbele, la ukoo likapotea, herufi ikabadilika. Kijana anaweza kuzuiwa mlangoni baada ya miezi sita ya kujiandaa, na ada yake isirudi. Toeni vitambulisho leo, mlinganishe na kumbukumbu za chuo, na palipo na tofauti parekebishwe kabla ya kujiandikisha.

Kilicho nje ya alama

Mwaka 2023 waombaji walikuwa zaidi ya 52,000, na walioanza masomo karibu 23,000. Miongoni mwa waliokosa wamo wenye alama za juu sana. AMCAS inatoa nafasi ya shughuli 15 na insha binafsi isiyozidi herufi 5,300, na humo ndimo chuo kinamomtafuta mtu.

Vijana wetu hujiona hawana cha kuandika kwa sababu hawakupata nafasi ya kujitolea kwenye maabara maarufu. Nawasihi mtazame upya maisha yenu. Wengi mnafanya kazi ya CNA, yaani usaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba za wazee, zamu za usiku, mkimgeuza mgonjwa asipate vidonda na kumlisha asiyeweza kushika kijiko. Huo ni uzoefu wa kuhudumia wagonjwa, na kulipwa kwake hakuupunguzii thamani. Aliyekaa na bibi yake kliniki na kuona vidonge vya kisukari vikiandikwa bila yeyote kuuliza bibi anakula nini, ameona kasoro ambayo daktari mzuri anapaswa kuijua. Andika ulichofanya na ulichokiona, kwa maneno yako. Usiandike insha ya kuonewa huruma.

Vilevile msivisahau Howard na Meharry, vyuo viwili tu vya udaktari vya Weusi vilivyobaki kati ya saba baada ya ripoti ya Flexner ya mwaka 1910 iliyokagua vyuo vya udaktari, wala Morehouse iliyoanzishwa mwaka 1975. Vyuo hivi vinawatafuta vijana watakaohudumia jamii zisizo na madaktari wa kutosha, na jamii yetu ni mojawapo.

Kwa walioleta maswali kwa niaba ya ndugu walioko Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu: vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei wanafunzi wasio na ukaazi, na vichache vinavyowapokea kwa kawaida hudai masomo yaliyosomwa vyuo vya hapa au Canada. Ushauri wangu ni wasome udaktari nyumbani, kwenye chuo kinachotambuliwa kimataifa, kisha wakitaka waje kwa njia ya ECFMG, inayothibitisha madaktari waliosomea nje ya Marekani, na mitihani ya leseni ya USMLE. MCAT haiwahusu.

Fedha

Ada ya MCAT imepita dola 300. AMCAS hutoza dola 170 na ushee kwa chuo cha kwanza na dola 40 na ushee kwa kila kinachofuata. Kijana anayeomba vyuo 20 anatumia zaidi ya dola 1,000 kabla hajaitwa kwenye usaili hata mmoja. Lakini AAMC ina mpango wa msaada wa ada unaopunguza gharama ya mtihani, kutoa vitabu vya mazoezi bila malipo na kufuta ada ya AMCAS kwa vyuo kadhaa. Raia, wenye ukaazi wa kudumu na waliopewa hadhi ya ukimbizi wanaweza kuomba. Ni lazima uombe na ukubaliwe kabla ya kulipia mtihani, kwani msaada haurudishi kilichokwisha kulipwa.

Kijana kwa kawaida huombwa pia taarifa za kipato cha wazazi. Wazazi, msione haya wala hofu kumpa mwanenu hati zenu za kodi. Mpeni mapema, na katika miezi yake ya maandalizi mpunguzieni zamu na kazi za kulea wadogo zake, angalau asubuhi za Jumamosi, apate kufanya mtihani wa majaribio hadi mwisho bila kuitwa.