Maneno ya Shahidi Yafike Mahakamani Kama Yalivyosemwa

Mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu kazi ya mratibu wa mashauri wa lugha mbili katika ofisi ya mashtaka



Mtu aitwapo kuwa shahidi katika shauri la jinai, humfikiria askari aliyeandika maelezo yake, wakili wa Serikali atakayemwongoza kutoa ushahidi, na hakimu atakayeamua. Ni nadra kumfikiria mtu wa nne, yule akaaye kati ya jalada na mwananchi. Mtu huyo hulisoma jalada lenye karatasi za Kiingereza na za Kiswahili, humpigia shahidi simu kumkumbusha tarehe, humweleza kwa nini shauri limeahirishwa, na huhakikisha kwamba neno lililotamkwa kijijini halikugeuka lilipovuka kwenda lugha nyingine. Zipo ofisi za mashtaka nchini Marekani zinazoajiri watu mahususi kwa kazi hii, hasa kwa ajili ya wasemao Kihispania. Nchini Tanzania cheo chenyewe huenda kisitajwe kwa jina hilo, lakini kazi ipo, na katika mazungumzo haya mwenye kuifanya ataitwa mratibu.

Huenda mkazi akauliza: lugha mbili za nini, ilhali Kiswahili ndicho lugha ya mahakama? Swali ni la haki. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya vyombo vya utoaji haki, Kiingereza kikibaki kwa pale ambapo maslahi ya haki yanakihitaji. Hata hivyo, urithi wa miaka mingi hauondoki kwa siku moja. Hukumu nyingi za rejea za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Tabibu ajazaye Fomu Namba 3 ya Polisi, ile iitwayo PF3, kwa kawaida hutaja jeraha kwa Kiingereza alichosomea. Shahidi naye husimulia kwa Kiswahili, na wengine kwa lugha ya nyumbani.

Chukulieni mfano wa mama aliyeshambuliwa akitoka gulioni. Anaeleza kwamba aliumizwa mkono. Kwa Kiswahili, mkono ni kuanzia begani hadi vidoleni. Kiingereza kina neno moja la mkono wote na jingine la kiganja, na mfasiri asiyekuwa makini huandika kiganja. Tabibu, katika PF3, ameandika kwamba kilichovunjika ni kigasha. Mbele ya hakimu, wakili wa utetezi ana karatasi mbili zinazopingana, na anayo haki kamili ya kuuliza maswali ya dodoso juu yake. Mama yule hakusema uongo hata kidogo.

Saa nayo ina hatari zake. Anasema ilikuwa saa tatu usiku. Yakiandikwa kwa Kiingereza pasipo kubadili hesabu, msomaji wa Kiingereza ataelewa saa tisa usiku, na tofauti ya saa sita yatosha kumtia hatiani asiyekuwapo au kumwachia aliyekuwapo. Tena yapo maneno "usiku wa Ijumaa". Wapo, hasa watu wa pwani, ambao kwao siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Wengine humaanisha usiku unaoufuata. Mratibu mzuri hakisii, huuliza, "Ni usiku wa kuamkia Ijumaa, au wa kuamkia Jumamosi?"

Ugumu mkubwa zaidi pengine umo katika herufi moja. "Alimsukuma akaanguka." Nani alimsukuma nani, na ni nani aliyeanguka? Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiambishi hicho, bali Kiingereza humlazimisha mwandishi achague. Katika ugomvi wa mume na mke, achaguaye vibaya amemgeuza mlalamikaji kuwa mshambuliaji. Majina ya undugu nayo yamo katika mtego huo: "baba" aweza kuwa baba mzazi au ndugu yake, na "kaka" aweza kuwa mtoto wa shangazi. Shahidi amtajaye mtu mmoja kwa majina mawili huonekana anayumba, kumbe anazungumza kama walivyolelewa watu wa kwao.

Kwa sababu hizo, kinga ya kwanza haiko mahakamani; iko kituo cha polisi, siku maelezo yanapoandikwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaelekeza kwamba maelezo ya shahidi yaandikwe, kisha aonyeshwe au asomewe. Na ikiwa haielewi lugha yaliyoandikwa, atafsiriwe kwa lugha anayoielewa. Anao uhuru wa kufafanua au kuongeza. Wengi huona haya kumrudisha askari nyuma, hasa wazee, nao hutia dole gumba ili waondoke. Kumwambia afande "hapo sikusema hivyo" si utovu wa adabu. Baada ya miezi kadhaa, kosa lile lile likigunduliwa kizimbani, kulirekebisha huonekana kama kubadili hadithi.

Haifai pia mtoto amtafsirie mama yake, wala jirani aliye upande mmoja wa ugomvi. Mtoto hupunguza makali ya maneno kwa aibu, na jirani huyaongeza kwa hasira. Asiyekimudu Kiswahili aseme hivyo mapema, tangu polisi, ili mkalimani atafutwe kabla ya siku ya kusikilizwa. Mkalimani akikosekana asubuhi ile, shauri huahirishwa, na nauli ya watu waliotoka mbali imepotea.

Lugha ni ngao ya mshtakiwa vilevile. Ushahidi ukitolewa kwa lugha asiyoielewa, sheria inataka atafsiriwe palepale mahakamani. Katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri la mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba mshtakiwa aelezwe shtaka na viini vyake vyote kwa lugha yake au lugha anayoielewa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kwa kadiri iwezekanavyo. Mtu hujibu "ni kweli" akimaanisha kwamba kweli alikuwapo, wala hakukiri wizi. Jambo hili huwaudhi baadhi ya walalamikaji, wakidhani ofisi ya mashtaka inamtetea mkosaji. Lakini kukiri kusikoeleweka huweza kutenguliwa katika rufaa, na mlalamikaji akajikuta anaanza upya.

Mratibu ana mipaka. Hamfundishi shahidi la kusema, hamwahidi ushindi, wala si wakili wa mlalamikaji. Akidokezwa jambo jipya linalogusa ushahidi, hawezi kulifanya siri ya watu wawili. Hulifikisha kwa wakili wa Serikali, hata kama linaudhoofisha upande wa mashtaka. Kumpa chochote ili "asukume jalada" ni kosa kwa mtoaji na kwa mpokeaji.

Limebaki jambo la simu. Kesi huchukua muda, na katika muda huo watu huuza laini, huhamia mashambani, huolewa wilaya nyingine. Hati ya wito ikimfikia shahidi naye asitokee bila sababu ya msingi, mahakama yaweza kuamuru akamatwe. Isipomfikia, shauri hukwama. Abadilishaye namba au makazi amjulishe mpelelezi wa shauri lake, na aache taarifa kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, pamoja na jina la ndugu anayepatikana kwa urahisi. Akienda, achukue namba ya jalada iliyoandikwa kwenye karatasi aliyopewa polisi. Kwa namba hiyo jalada hupatikana upesi kuliko kwa jina, maana majina yetu yanafanana na kila karani huyaandika kwa namna yake.