Kasha la Mwandishi wa Habari, na Makasha Yetu

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu wa historia katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kwanza natoa shukurani kwa kamati kwa kunikumbuka. Nimeombwa niseme machache kabla ya chakula, na Katibu amenionya kwamba harufu ya pilau ikishaingia ukumbini hapatakuwa na wa kunisikiliza. Basi nitajitahidi nisiwachoshe.

Wale niliowafundisha wanajua kwamba nilikuwa nikigombana sana na watu wanaotupa karatasi. Leo nataka niseme sababu yake, na mwisho nitakiri kosa langu mwenyewe. Lakini nianze mbali kidogo.

Tarehe 6 Januari 1871 alishuka bandarini kwetu kijana wa miaka 29, jina lake Henry Morton Stanley. Alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la New York Herald la Marekani. Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alizaliwa Wales akiitwa John Rowlands, akakulia katika nyumba ya kulelea maskini. Gazeti lilimtuma amtafute Dokta Livingstone, ambaye Ulaya walikuwa hawajui kama yu hai au amekufa. Hapa Unguja alipokewa na balozi mdogo wa Marekani, Bwana Francis Webb. Akanunua nguo, shanga na waya, akaajiri watu, akiwamo Sidi Mubarak Bombay aliyekwisha kutembea bara na Wazungu wengine, kisha akavuka Bagamoyo. Mwaka huo huo alimkuta Livingstone Ujiji.

Vijana, msidhani kazi ya mwandishi wa habari siku zile ilikuwa kama leo. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879 tu. Barua aliyoiandika Stanley kutoka Buganda mwezi wa Aprili 1875 ilichapishwa London, katika Daily Telegraph, mwezi wa Novemba. Miezi saba! Na bara barua hizo zilikwenda kwa miguu ya watu.

Stanley alikuwa mtu asiyetupa karatasi. Shajara, madaftari ya mfukoni, barua, ramani, hesabu, vyote aliviweka. Alifariki mwaka 1904, na karatasi zake zikabaki kwa jamaa zake. Sehemu kubwa ilinunuliwa mwaka 1982 na Wakfu wa Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, na leo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Ubelgiji ina sababu ya kuzitaka, kwani kuanzia mwaka 1879 Stanley alimtumikia Mfalme Leopold wa Pili kule Kongo, na mateso yaliyowapata watu wa Kongo baadaye mnayajua. Mimi sijafika Tervuren. Niliyoyasoma ni shajara zake zilizochapishwa mwaka 1961, na orodha ya karatasi hizo iliyotolewa mwaka 2005. Hata orodha peke yake inatosha kumkosesha mtu usingizi.

Faida ya karatasi hizo ni kwamba tunaweza kumhoji mwenyewe. Kila mtoto wa skuli amesikia kwamba Stanley alipomfikia Livingstone alivua kofia akasema, "Dokta Livingstone, nadhani?" Kitabu chake cha mwaka 1872 ndivyo kinavyosema. Lakini Mwingereza Tim Jeal, aliyezipekua karatasi za Tervuren na kutoa kitabu mwaka 2007, alikuta kurasa za shajara zinazohusu mkutano huo zimechanwa. Na Livingstone katika barua zake hakuyataja maneno hayo. Jeal anaona kwamba huenda yalitungwa baadaye. Basi tazameni: hata kurasa zilizochanwa zimekuwa ushahidi, kwa sababu daftari lenyewe lipo.

Sasa nije kwa watu wetu. Tarehe 12 Novemba 1874 Stanley aliondoka tena Unguja, safari hii akitumwa na magazeti mawili, la London na la New York. Kitabu chake kinasema walioanza safari kutoka Bagamoyo walikuwa watu 356, wengi wao Wangwana wa hapa kwetu. Walizunguka Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, wakaufuata Mto Kongo mpaka karibu na bahari ya magharibi. Mwezi wa Agosti 1877 walikuwa wanakufa kwa njaa. Tarehe 4 mwezi huo Stanley aliandika barua kwa bwana yeyote ajuaye Kiingereza kule Boma, akiomba chakula. Je, nani aliipeleka? Waliipeleka Uledi, Kacheche, Muini Pembe na Robert Feruzi. Wakarudi na chakula, na msafara ukaokoka.

Huyo Robert Feruzi, ndugu zangu, alikuwa mwanafunzi wa skuli ya misheni ya Kiingereza hapa hapa Unguja. Alichaguliwa kwa kuwa alijua Kiingereza. Mwenzake wa misheni hiyo, Dallington Maftaa, aliachwa mwaka 1875 kwa Kabaka Mutesa wa Buganda ili amsomee na kumfasiria maandiko. Vijana wawili wa skuli, mmoja aliingia katika baraza ya mfalme na mwenziwe akaokoa roho za watu. Naye Uledi, mshika usukani wa mashua yao, Lady Alice, Stanley mwenyewe anasema aliwaokoa watu 13 wasizame.

Waliosalia walirudishwa hapa tarehe 26 Novemba 1877, kwa kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Stanley akawalipa mishahara yao, na jamaa za waliokufa nao wakaja kudai haki za marehemu wao. Majina yao yapo mwishoni mwa kitabu chake. Lakini yapo kwa tahajia ya Stanley, na waliyotenda yapo kwa jicho la Stanley. Feruzi aliwaambia nini jamaa zake siku ile aliyoshuka pwani? Uledi alisema nini juu ya bwana wake? Katika kasha la Stanley hutayakuta hayo.

Mmoja tu ninayemjua katika waliosafiri naye aliyetuachia maneno yake kwa urefu. Ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye nyumba yake ipo mpaka leo Shangani. Mwaka 1876 alimsindikiza Stanley kutoka Nyangwe. Baadaye aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha. Katika habari za malipo waliyopatana, yeye na Stanley hawasemi mamoja. Hapo ndipo raha ya historia ilipo: wote wawili waliandika, basi tunaweza kuwakutanisha barazani na kuwauliza.

Nafika kwenye kosa langu. Marehemu baba yangu alikuwa karani bandarini. Kila usiku alikuwa akiandika katika daftari, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu: jahazi zilizoingia, bei ya mchele, nani kazaa, nani kafa. Alipofariki aliacha kasha zima. Mimi, mwalimu wa historia, nilitaka nafasi ya kuweka kitanda. Nikawapa watoto madaftari wawashie moto jikoni.

Mwaka 2016 ilianza hapa Zanzibar pensheni ya wazee waliotimia miaka 70. Dada yangu mkubwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Akaniuliza kwa upole, "Yako wapi yale madaftari ya baba? Si alituandika sote?" Sikuwa na jibu. Ikabidi watafutwe wazee wa mtaa waje wamshuhudie, na wengi walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Alipata haki yake baada ya taabu nyingi. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Basi ninawaomba mambo matatu. Wazee wenzangu, fungueni makasha. Nyuma ya kila picha andikeni majina kwa kalamu ya risasi, kabla hajaondoka wa mwisho anayewajua waliomo. Vijana, wakati wa likizo kaeni na bibi na babu, waulizeni, muandike kwa maneno yao wenyewe wala msiyatengeneze. Na kamati, itupatie kabati moja lisiloingia mchwa, tuweke rejesta na barua za skuli hii; na vikizidi, Nyaraka za Taifa pale Kilimani si mbali.

Stanley hakuwa mkweli kuliko baba yangu, lakini karatasi zake zilipata watu wa kuzitunza. Za baba yangu zilinipata mimi.

Pilau imefika.