Tununue Nyimbo kwa Anayemlipa Mwimbaji

Leo tuzungumze juu ya maduka ya muziki.

Kule Mombasa, Mbwana Radio Service lilikuwa duka na pia mahali pa kurekodi. Waimbaji wa taarabu kama Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma walirekodiwa, na kanda zao zikauzwa hapo hapo. Faida ya duka kama hilo ni nini? Mwenye duka anawajua waimbaji, anawajua na wateja. Hangoji kampuni ya ng'ambo imwambie kama taarabu inafaa.

Lakini mtu akinunua kanda moja, wenzake kumi walinakili bure. Anayenakili halipi studio wala mpiga ngoma. Anavuna asipopanda! Siku hizi nyimbo zinapitishwa kwa simu, lakini hasara ni ile ile.

Je, sisi tufanye nini? Vikundi vyetu vingi vina waimbaji. Kabla ya kurekodi, tuandikiane: nani atalipia studio, nakala ngapi zitatolewa, zitauzwa bei gani, na waimbaji watapata kiasi gani kwa kila nakala. Mweka hazina aandike kila inayouzwa. Kenya tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inayomlinda mtunzi. Lakini sheria peke yake haimlishi. Tukiupenda wimbo wa jirani, tuununue kwake, au kwa mwenye duka anayemlipa.