Baridi yabisi na ukoo wetu

Jina la baridi yabisi limetupotosha. Wengi wetu hapa Uingereza twailaumu hali ya hewa. Kumbe ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo vya mwili huo huo, na sehemu ya chanzo chake hurithiwa. Lakini kurithi si kuugua: katika pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwenziwe huugua takriban mara 15 tu kati ya 100. Sigara huongeza hatari.

Wapigieni simu wazee nyumbani. Ulizeni nani alivimba vidole na vifundo, wala si magoti ya uzeeni tu. Nanyi vidole vikivimba na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, mwelezeni daktari habari hizo mapema, kabla viungo havijaharibika. Hata asiye na mgonjwa katika ukoo asingoje.